Nilivyoripoti kuwa watalii wanaongezeka Wagenia, na kilichompata tonton wangu

Wakuu, salamu kutoka Kisangani, ukingoni mwa mto Kongo.

Nina wiki nzima nazunguka na huu uzi kichwani, nauanza, naufuta, natoka nje, narudi. Ninachoandika nilikifanya mwenyewe kwa kalamu yangu, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi. Mwenye kutukana atukane, nastahili.

Kilichonichokoza ni ile grafu iliyopostiwa humu majuzi. Watalii wa kimataifa na pesa wanazoacha nchini, mstari unapanda tu. Mkabishana kurasa na kurasa, huyu anasifu, yule anasema utalii haumlishi mtu wa chini.

Mimi comment zote nilizisoma nimesimama. Siwezi kukaa nikiona mstari wa namna ile, kwa sababu nimewahi kuchora mmoja.

Kiswahili changu mkivumilie. Mama yangu ni Mgenia, watu wa maporomoko, Wakristo. Baba anatoka kwenye zile familia za Waislamu wa zamani wa mji huu. Kigoma nilikaa miaka kadhaa, ndiko nilikojifunza kuandika hivi. Nyumbani tunachanganya, Kifaransa kidogo, Kilingala kidogo, maisha yanasonga.

Bon. Tuanze.

Kwa wasiopajua Wagenia. Mto unapita juu ya miamba kwa kelele ambazo mtu wa kuja hawezi kuzizoea. Wavuvi wanasimika miti mikubwa kwenye mashimo ya mwamba, wanaifunga kwa kamba za msituni, halafu wananing'iniza makapu makubwa ya kutegea samaki. Mwenyewe anatembea juu ya ile miti kama yuko sebuleni kwake. Hicho ndicho wageni wanachokuja kukiona.

Kila familia ina nafasi yake pale. Nafasi inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, wala haina karatasi. Karatasi yake ni miti yenyewe.

Sasa lishikeni hili, maana kila kitu kinasimama hapo. Maji makubwa yanavunja miti, kwa hiyo maji yakiwa madogo familia zinasimika mingine. Ukiacha kipindi kizima cha maji madogo kipite bila kusimika hata mti mmoja, nafasi umeiacha. Familia nyingine inaweza kuiomba kwa chef wa maporomoko, mzee mkuu wa pale, na atawapa. Hakuna kesi.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, Tonton Zacharie, alikuwa na nafasi nzuri karibu na mwamba mkubwa. Huyo ndiye aliyenilipia shule. Kila karo yangu ilitoka kwenye makapu yale, na samaki wake nimekula mpaka nikawa na ndevu. Mimi ni mtoto wa dada yake, nafasi si yangu, lakini tumbo langu linaijua.

Nikapata kazi. Mkataba mfupi kwenye ofisi moja inayoshughulika na mambo ya utalii, siitaji. Kazi yenyewe: kusanya idadi ya wageni wa kutoka nje waliofika maporomokoni kwa miaka mitatu, na pesa walizoacha, uandike ripoti na grafu.

Nikauliza data ziko wapi. Wakaniambia, kule kwenu, kwa ndugu zako.

Na kweli zilikuwepo. Kila familia ya wavuvi ina daftari. Mgeni akifika anatembezwa kwenye miti, na kila familia ambayo amepita kwenye miti yake inampa daftari lake aandike jina, nchi, tarehe. Mwisho wa safari anaacha matabishi, yaani ile zawadi ya pesa ya kushukuru. Anamkabidhi mtu mmoja, halafu zinagawanywa.

Daftari hizi zilitokana na ugomvi. Zamani aliyepokea matabishi alikuwa anaweza kusema kapewa kidogo. Watu wakachoka. Ikawa kila familia inaandika kiasi kizima kilichotolewa, hata kama yenyewe imepata kipande tu, ili kila mmoja awe shahidi wa mwenzake.

Nimeeleza vizuri? Mnaona lilipo shimo? Basi mimi, mtoto wa palepale, mwenye diploma, sikuliona.

Nilizikusanya daftari zote, kumi na moja, nikazibeba kwenye mfuko wa unga kwenye toleka (baiskeli zetu za kubebea abiria), nikafika ofisini nimechafuka mweupe. Nikajumlisha. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wageni wote pamoja, matabishi yote pamoja.

Wakuu, ule mstari! Ulipanda mpaka nikausogelea kuutazama vizuri. Na wa pesa ulipanda zaidi ya wa wageni.

Mkuu wa ofisi alicheka meno yote nje. Akaniita Monsieur le statisticien, bwana takwimu, mbele ya watu. Nikasimamishwa ukumbini niueleze, nikaeleza kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, nikapigiwa makofi. Kichwa kikavimba. Nikatembea mji mzima siku ile, sikutaka hata kupanda toleka, nilitaka watu wanione.

Jioni nikapita kwa Tonton. Tantine Régine, mkewe, alikuwa ametuwekea liboke, samaki wa kufungiwa kwenye majani, na kwanga ya muhogo. Nikatandaza ile grafu juu ya meza, juu ya kitambaa chake cha plastiki chenye maua, kabla hata sijanawa mikono.

Tonton aliiangalia muda mrefu. Yeye si mtu wa kuongea, ni mtu wa kupima.

"Hii mustari inapanda kweli?" akauliza.

"Inapanda, Tonton."

"Na mwaka inakuya?"

Hapo wakuu ndipo mtu mwenye akili husema sijui. Mimi nikachukua kalamu nikauendeleza mstari kwa nukta nukta, mpaka karatasi ikaisha. Karatasi ilipoisha sikusimama. Nikaweka nukta mbili tatu juu ya kitambaa cha Tantine Régine, wote wakacheka.

Tonton hakucheka sana.

Kipindi cha maji madogo kilikuwa kimeanza. Tayari alikuwa ameweka pesa ya miti kwa watu wa njia ya Masako wanaouza mbao na miti. Wiki ile ile akabadilisha oda. Badala ya miti, akachukua mbao. Akajenga vyumba vitatu vya wageni pembeni ya nyumba, akanunua vitanda na neti, na pirogi, mtumbwi wake, akaiwekea paa la kivuli. Nafasi yake kwenye maji akaiacha wazi makusudi, ili pirogi yenye wageni ipate pa kuegesha.

Na kila aliyemuuliza alimjibu hivyo hivyo: mtoto ya dada yangu amesoma, amehesabu.

Nilikuwa nasikia nikifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi.

Tukasubiri wageni.

Wiki ya kwanza. Ya pili. Ya nne. Nilianza kupita asubuhi kabla ya kazi, nikimkuta amekaa mlangoni kwa kile chumba cha kwanza, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Swali lake lilikuwa moja tu, kama leo iko na avion, yaani ndege.

Mimi nikaanza kukosa raha. Sijui niseme vipi. Nikikaa ofisini mguu unacheza. Nikila sisikii ladha. Nikawa naenda uwanja wa ndege, nasimama nje kwenye jua, nahesabu wanaoshuka. Wafanyabiashara na mizigo yao. Mapadri. Watu wa mashirika, nawajua sura, wanaishi hapa hapa. Familia zinatoka Kinshasa kwa msiba. Mtu mwenye kofia ya kutembea na kamera shingoni, sikumuona hata mmoja kwa majuma matatu.

Nikajiambia wanakuja kwa mto. Nikaenda bandarini. Baji, zile meli bapa za mizigo, zinapanda kutoka pande za Barumbu na Basoko, zimejaa watu, mbuzi, mahindi, samaki wa moshi. Nikauliza nahodha kama amebeba watalii. Akaniangalia kama nimemuuliza kama amebeba theluji.

Huku nyuma, kule maporomokoni, familia nyingine zote zinasimika. Unasikia wanaume wanavuta kamba kwa wimbo, mti unasimama, unasikia kelele za kushangilia. Tantine Régine siku moja, mimi nipo, akamwomba mumewe kwa upole asimike hata mmoja tu, kwa usalama. Tonton akamjibu kwamba huo mmoja ndio pirogi ya wageni itakaougonga.

Tantine akaendelea kufuta meza. Zile nukta zangu zilikuwa bado pale kwenye kitambaa. Wino haukutoka.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikazitoa zile daftari kwenye mfuko wa unga, nikaanza upya. Safari hii sikujumlisha. Nilisoma.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, Mreno, alikuwa anaandika kwa wino wa kijani. Maandishi makubwa ya kulala. Nilimkuta kwenye daftari la familia ya kwanza, nikatabasamu, mtu ana kalamu nzuri. Nikafungua la pili. Wino wa kijani, tarehe ile ile. La tatu, wino wa kijani.

Wakuu, nilisimama. Kiti kikaanguka.

Nilifungua zote kumi na moja sakafuni. Yuko kwenye zote kumi na moja. Mwanamke mmoja, mchana mmoja, matabishi moja. Kwenye ripoti yangu alikuwa Wareno kumi na mmoja, na pesa yake niliihesabu mara kumi na moja, kwa sababu kila familia iliandika kiasi kizima ili iwe shahidi.

Na bado hilo siyo lililonimaliza. Ningesema basi, nimezidisha, gawanya yaishe. Lililonimaliza ni nilipoangalia tarehe za kwanza za kila daftari.

Mwaka wa kwanza, familia zenye daftari zilikuwa mbili. Mwaka wa pili, baada ya ugomvi mwingine wa matabishi, zikawa tano. Mwaka wa tatu, kumi na moja.

Mstari wangu haukuwa wa wageni. Ulikuwa mstari wa daftari. Kilichopanda Wagenia kwa miaka mitatu ni watu kutoaminiana, na mimi nikakiita utalii.

Nikahesabu watu sasa, vichwa, jina kwa jina. Nikamtoa daktari mmoja Mbelgiji anayeishi mjini na kuleta marafiki zake kila Jumapili, maana naye nilikuwa nimemfanya mgeni mpya kila wiki. Mstari ukalala chini. Mwaka wa mwisho hata ulishuka kidogo.

(Ngoja. Umeme umeyumba hapa, nimehamia kwa jirani mwenye sola. Naendelea.)

Nilikimbia. Sikupanda chochote, nilikimbia kwa miguu mpaka kwa Tonton na daftari mbili mkononi. Nilimkuta anatandika vitanda upya. Vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia.

Nikamwonyesha wino wa kijani kwenye daftari hili, na kwenye hili. Nikaeleza yote bila kupumua. Alinisikiliza amesimama na shuka mkononi.

"Donc huyu madame ni moja tu."

"Ni mmoja tu, Tonton."

"Na nilikuuliza kama inapanda kweli."

"Uliniuliza."

Nilitaka anipige. Ningepumua. Hakunipiga. Aliweka shuka kitandani, akalinyoosha vizuri, akaniambia twende tutafute miti.

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Si mengi, lakini mtu wa pale anaona. Mashimo ya chini kwenye mwamba yalikuwa yameshafunikwa. Tukapata miti miwili kwa jirani, tukaibeba begani, yeye mbele, mimi nyuma, na mimi miguu ya ofisi inateleza kila hatua.

Alishuka mwenyewe. Kamba kiunoni, mimi nimeshika upande wa pili pamoja na wanaume watatu waliokuja bila kuitwa. Alikuwa anatafuta shimo lake kwa mguu, chini ya maji. Shimo ambalo baba yake alilitumia. Akalipata, nikaona usoni kwamba amelipata. Tukateremsha mti. Ukaingia. Ukasimama.

Nikahesabu moja, mbili, tatu. Huo ni ugonjwa wangu, nahesabu kila kitu.

Kwenye tano maji yakaung'oa. Ukalala, ukazunguka mara moja, ukaenda. Mti wa pili haukufika hata shimoni. Wale wanaume wakamvuta Tonton nje kabla hajajaribu kwa mikono mitupu, na nadhani alikuwa anataka kujaribu.

Siku chache baadaye chef wa maporomoko akaita familia zote, kama inavyofanyika kila kipindi kikiisha, kutazama nafasi zilizoachwa. Ilikuwa moja tu.

Mimi si mtu wa kusema pale, ni mtoto wa dada. Nikaomba ruhusa nikasimama hata hivyo. Nikawaambia kuhusu daftari, kuhusu mstari, kwamba Zacharie hakuiacha nafasi, ni mimi niliyemtoa. Nikaomba kosa liwe langu.

Chef hakunikasirikia. Aliniambia kosa ni langu kweli, hakuna anayenibishia. Lakini mto hauangalii kosa la nani. Miti haipo, nafasi haipo.

Ikapewa familia ya Papa Anselme, majirani zetu, ambao walikuwa na vijana wanne na nafasi finyu. Papa Anselme alikuja kwa Tonton kabla ya mtu mwingine yeyote, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema siku akitaka kupita juu ya miti yao, ni yake. Na alimaanisha. Hilo ndilo lilikuwa gumu kulisikia.

Kwa mnaotaka kujua ya ofisini: nilipeleka karatasi mpya, yenye mstari uliolala. Mkuu akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba ripoti imeshakwenda juu, na juu wameipenda. Mkataba haukuongezwa. Sijui ule mstari wangu sasa uko kwenye meza ya nani, mjini gani, umebandikwa kwenye ukuta upi, na ni nani mwingine anauendeleza kwa nukta. Hili linaninyima raha mpaka leo. Nikiona grafu yoyote ya watalii humu naanza kutafuta wino wa kijani.

Sikatai kwamba kuna nchi zinapokea wageni zaidi kila mwaka. Zipo. Wala sisemi kila takwimu ni uongo, mimi sikudanganya mtu, na ndiyo maana inaniuma. Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukionyeshwa mstari unapanda, usiulize kwanza umefika wapi. Uliza nani alikuwa ameshika daftari, walikuwa wangapi mwanzoni, ni wangapi sasa. Na kama mtu amekaa mbele yako na pesa ya miti mfukoni anakuuliza mwaka kesho, funika kalamu. Mwambie sijui, Tonton.

Mlioko kwenye mageti ya mbuga, mahotelini, mipakani, mnaowaandika wageni kila siku, njooni mniambie kwenu mnahesabu vipi. Mtu akiingia mara tatu kwa wiki, ni mmoja au ni watatu? Nasoma zote, usingizi wenyewe sina.

Nimalizie na jambo la Jumapili iliyopita, halafu nikatembee kidogo.

Tonton sasa anavua kwa ndoano ukingoni, na kwenye vile vyumba anakausha nyavu za watu. Jumapili baada ya misa akaniambia tushuke, anataka kuona makapu yanavyoshika mwaka huu. Tukapita juu ya miti ya Papa Anselme mpaka karibu na mwamba mkubwa, pale pale. Aliweka mguu kwenye mti uliosimama ndani ya shimo lake, akaukanyaga kuupima, akaitikia kwa kichwa kwamba umefungwa vizuri.

Tulipotoka, yule kijana mkubwa wa Papa Anselme aliona haya kabisa, akataka kutupisha. Tonton akanyoosha mkono.

"Leta cahier. Mutu akipita kwa miti ya wengine, anaandika."

Akaandika kwenye lile daftari jina lake lote, taratibu, na tarehe. Kwenye sehemu ya nchi alisita, halafu akaandika: hapa hapa.

Kwa hiyo wakuu, nina data mpya. Mwaka huu wageni wa Wagenia wameongezeka kwa mmoja.